Kukitulia Usitoke

Andoany, Jumapili. Mvua tangu alfajiri, na joto halijapungua hata chembe.

Natangaza rasmi, mbele ya wasomaji wangu wote watatu, kwamba leo nimeondoa barafu kwenye friji. Nilipoichokoa kwa kijiko, bamba zima likateleza, likaniangukia kidole gumba cha mguu. Ndiyo maporomoko ya barafu pekee niliyowahi kuyaona kwa macho.

Kwa kusoma, lakini, mimi ni bingwa. Tangu binti yangu Najati apate kazi ya upishi katika hoteli moja huko milima ya Alpi, Ufaransa, kila asubuhi nasoma taarifa ya hali ya theluji kabla ya chai. Majirani wakiniuliza kama mvua itakatika, nawajibu habari za theluji.

Wiki hii dhoruba ilipiga kule siku tatu. Hatari ya theluji kuporomoka, ngazi ya nne. Ya tano ndiyo mwisho. Na Najati ananiambia kwenye simu, kwa furaha tele, kwamba Jumamosi anga likifunguka atapanda na wenzake kwa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, upande wa mlima usio na walinzi.

Nilimkataza. Akacheka: "Baba, wewe hata kufungua friji unavaa sweta!"

Ni kweli navaa.

Nikampigia dada yangu Echati, Mahajanga. Najati amerithi kwake sauti na miguu, nikaona huenda atamsikia. Echati theluji haijui, ila kimbunga anakijua: utotoni, upepo ulipotulia, walitoka wote kuokota mabati ya paa, nao ukawarudia kutoka upande wa pili. Akiogopa huongea Kikomoro tu, na siku hiyo hakuchanganya hata neno moja la Kifaransa. "Kukitulia usitoke! Mwambie huyo!" Hakuniamini, akamtumia mwenyewe ujumbe wa sauti wa dakika tisa.

Sikumweleza kwamba mlima si kimbunga. Taarifa yangu nayo ilisema vilevile: siku ya kwanza ya jua ndiyo mbaya.

Jana jua likawaka. Theluji ikaporomoka mbele ya wenzake Najati, wao wakiwa bado mbali. Wamerudi wote wazima, mbio. Najati hakuwepo. Alikuwa jikoni anamenya viazi.

Sijawahi kuvipenda viazi namna hii.

Asubuhi hii Echati amechinja kuku wawili, ameita watu wasome dua, na anausimulia mtaa mzima jinsi alivyomwokoa mtoto kwa simu. Nimecheka mpaka kidole kikauma upya. Mimi mwenyewe nimemwambia, dada, mkono wako nitaubusu.

Kisha Najati amepiga. Ujumbe wa shangazi yake hajausikiliza mpaka sasa. Viatu vya skii alivyokodi vilikuwa namba thelathini na tisa, havikumwingia, ndipo akabaki. Yeye anavaa arobaini na mbili, kama shangazi yake.