Siku Nilipolivuta Tela la Baba Neema Hadi Kinampanda

Jumamosi, katikati ya Julai. Upepo mkali, baridi kavu.

Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa Julai unaopasua midomo. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya tela, jua bado lipo juu ya mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa. Mabega yananiuma. Leo nimeendesha pikapu inayovuta tela kutoka Ikungi hadi hapa Kinampanda, mimi, mwalimu mstaafu wa darasa la pili, niliyekuwa naogopa hata kurudi rivasi getini kwangu.

Nimefika. Lakini nilikaribia kutuua.

Tela hili ni la mume wangu, Baba Neema. Aliendesha malori miaka thelathini, akilala kwenye kiti cha dereva, mimi nikilala peke yangu na watoto. Alikuwa akiniahidi kwamba akistaafu tutavuta nyumba yetu wenyewe, nami nilale kila mahali alipowahi kulala yeye. Alinunua tela kuukuu lililoachwa na wajenzi wa barabara, akalitia madirisha, kitanda, jiko dogo la gesi na rafu ya vyombo. Rangi ya mwisho aliipaka mwenyewe. Wiki mbili baadaye akapata kiharusi.

Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Kiswahili chake nacho kilipotea. Kilichobaki ni Kinyiramba cha utotoni, maneno machache machache. Mimi ni Mnyaturu. Maisha yetu yote ya ndoa tumeongea Kiswahili, tumegombana kwa Kiswahili, tumelea watoto kwa Kiswahili. Sasa mume wangu ananisemesha na mimi sielewi.

Nina hamu na sauti yake. Naweza kuiandika hapa kwa sababu nyumbani siwezi kuisema. Yupo, namwogesha, namlisha, na bado nina hamu naye kama mtu aliyesafiri.

Tangu Pasaka amekuwa akirudia neno moja, na hilo nalijua: nyumbani. Nyumba ya wazazi wake hapa Kinampanda ilishaanguka, na dada yake, wifi yangu mkubwa, ana chumba kimoja tu. Miaka miwili tela lilikuwa limesimama uani chini ya turubai. Nikasema, basi twende nalo.

Nilimwita Athumani kutoka Sepuka. Zamani alikuwa utingo wa Baba Neema, leo ni fundi mwenye mvi zake. Alizunguka tela mara moja akaguna.

"Shemeji, haya matairi yana meno lakini yameoza. Angalia pembeni."

Kweli, mpira ulikuwa umepasuka nyufa nyembamba kwa kukaa juani. Tukaweka mapya. Akafungua magurudumu, beringi zilikuwa kavu kabisa, akazisafisha na kuzipaka grisi. Taa za breki hazikuwaka mpaka alipobadilisha waya uliotafunwa na panya. Kisha akanifundisha siku nne mfululizo kwenye uwanja wa mnada: kufunga kichwa cha tela nyuma ya gari na kukijaribu kwa kukiinua, kupishanisha minyororo miwili chini yake, kukata kona kwa upana, kuacha nafasi kubwa mbele.

"Na mzigo mzito usiweke nyuma," aliniambia. "Uweke juu ya magurudumu, usogee mbele kidogo. Ukiweka nyuma, mkia utakuchezea. Na ukikuchezea, usikanyage breki. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani, basi."

Niliitikia kama mwanafunzi mzuri. Halafu asubuhi ya leo nikapakia magunia mawili ya mahindi ya kumpelekea wifi, nikayaacha pale pale mlangoni, nyuma kabisa. Yalikuwa mazito na nilikuwa na haraka. Nilijiambia ni magunia mawili tu.

Mpaka Singida mjini tulienda vizuri, taratibu. Nilisimama mara mbili kukaza nati na kugusa vitovu vya magurudumu kama vimepata moto. Baba Neema alikuwa pembeni yangu, mkanda umefungwa, akitazama barabara kwa macho ambayo sijayaona kwa muda mrefu. Nilifurahi mpaka nikaanza kumsimulia mambo.

Tulipopita mji, kwenye mteremko mmoja, basi likatupita kwa kasi. Upepo wake ukalisukuma tela, na upepo wa Julai ukalipokea upande wa pili. Nikasikia gari linavutwa kushoto. Kisha kulia. Kwenye kioo niliona tela linayumba, kila mara zaidi ya mara iliyotangulia. Mbele lilikuwa linakuja lori.

Yote niliyofundishwa yalinitoka. Mguu wangu ulikwenda kwenye breki.

Baba Neema akapiga kelele. Akajipinda mzima, akaurusha mkono wake wa kushoto na kunikamata goti, akalivuta kwake kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Neno alilosema lilikuwa la Kinyiramba, lakini nililielewa. Acha!

Nikaacha. Nikashika usukani, nikatoa mguu kwenye breki na mafuta. Lori likapita. Tela likayumba mara mbili tatu, likatulia nyuma yetu.

Nilisimama pembeni ya barabara nikalia kwa sauti. Yeye alikuwa ananipapasa goti lile lile, polepole, na alama za vidole vyake bado ninazo. Kisha nikashuka, nikafungua mlango wa tela, nikayaburuta magunia yote mawili hadi mbele na kuyafunga kamba. Ilinichukua karibu nusu saa. Hakupita mtu wa kunisaidia na sikutaka apite.

Tulifika mchana. Wifi alikuwa anatusubiri barabarani.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Na dereva yuko wapi?" akauliza, akichungulia ndani ya gari. Nilipojionyesha kwa kidole alipiga kigelegele.

Kisha akamwinamia kaka yake na kumsalimia kwa Kinyiramba, naye akajibu. Si neno moja. Sentensi, nyingine, nyingine. Maneno yalikuwa yanakwama na kuanza tena, lakini yalikuwa mazungumzo. Wakacheka. Nilisimama na fimbo ya Baba Neema mkononi kama mgeni asiyekaribishwa. Nakiri, niliona wivu. Muda wote huu nilikuwa nalilia sauti ambayo ilikuwepo, kwenye lugha ya jirani tu.

"Anasema nini?" nilimuuliza wifi baadaye, tukichambua mboga.

"Anasema umeendesha vizuri, ila breki unaipenda mno." Akaongeza, "Na anasema wewe humjibu. Anakuuliza mambo kila siku, wewe unamwitikia tu kwa kichwa."

Kila siku.

Nimekuwa nikimwitikia kwa kichwa kama ninavyomwitikia mtoto anayebwabwaja. Nilidhani namfariji.

Sasa amelala nyuma yangu, ndani ya tela, kwenye kitanda alichokipigilia mwenyewe. Nimefunga breki, nimeweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, nimemsikiliza anavyopumua. Wifi ameniandikia kwenye karatasi jinsi ya kumuuliza mtu ameamkaje, na jinsi ya kumwambia: nilikuwa nakukumbuka. Nimesoma kwa sauti, wifi akanicheka, akanirudisha mwanzo, nikasoma tena.

Akiamka nitamwambia. Nikikosea matamshi, atanisahihisha.