Wale Wadogo wa Tumbo la Bihogo

Yaya Spès, dada yangu mkubwa,

Kuanzia Kanyosha mpaka Gatumba hakuna daktari wa ng'ombe anayenifikia. Kama ng'ombe wangeruhusiwa kupiga kura, leo ningekuwa meya wa Bujumbura, na we ungekuwa dada wa meya, unatembea Nyakabiga bila bidoni ya maziwa kichwani. Usicheke. Najua unacheka, kile kicheko chako cha puani.

Si we ulisema kichwa changu ni cha kuvalia kofia tu? Ulisema mbele ya watu, siku ile nilipoacha shule darasa la nane. Sasa sikia: hapa Kanyosha naitwa Dokta. Hata Hadji Saidi muuza mabati, yule aliyekuwa ananifukuza getini kwake kama kuku, sasa anasema, "Dokta, karibu chai, kaa." Nakaa. Na mguu nakunja.

Ni miezi minane tangu tukuzike. Blauzi yako ya kanisani anaivaa Mama. Inambana, lakini nani atamwambia? Maziwa nauza mi, na wateja wako wanalalamika sijui kusalimia kama we. Mama Divine bado anauliza kila asubuhi, "We mutoto, umeongeza maji?" Namjibu, "Niliongeza jana, leo nimesahau." Anacheka, ananunua. Kisha anaangalia njia nyuma yangu, kama vile we unakuja. Na mi nageuka.

Unakumbuka hospitali, Alhamisi ile? Ulinishika kidole hiki, hiki ng'ombe wetu Bihogo alichokiuma siku ya kwanza uliponifundisha kumtia mkono mdomoni, ukasema: "Nyumba ni ya Mama. Bihogo ni wako. Ukimbadilishia chakula, badilisha kidogo kidogo, mukono kwa mukono. Usinifanyie ujuaji." Nikasema ndiyo, Yaya.

Basi nikuambie nilivyopata udokta.

Hadji alinunua ng'ombe wa kisasa, mweusi na mweupe, mkubwa kama kabati. Akapatwa na kikohozi. Hadji akaenda kununua vidonge vya antibiotiki, akavisaga, akamnywesha siku tano. Kikohozi kikapona, ng'ombe akaacha kula. Hacheui. Amesimama tu, macho kwenye ukuta, kama mtu aliyefiwa. Watu wakaanza kumwambia Hadji atafute mchinjaji kabla nyama haijakonda.

Nikamwambia, "Hadji, nipe saa moja." Akasema, "We? Wewe wa maziwa?"

Nikarudi nyumbani kwa Bihogo. Nikamsubiri amelala kivulini, nikaangalia koo lake. We ulinifundisha: bonge la majani linapopanda kutoka tumboni ili alitafune tena, unaliona linatembea shingoni. Mkono wa kushoto ukavuta ulimi pembeni, wa kulia ukaingia. Nikamwibia bonge. Akaniangalia vibaya, akapandisha lingine. Nikamwibia mara tatu. Nikayakoroga kwenye maji ya vuguvugu, nikatia kwenye chupa, nikamnywesha yule kabati wa Hadji. Kesho yake tena. Siku ya tatu alikula, na jioni akacheua. Hadji alisimama mbele yake akihesabu anavyotafuna, anasema "Alhamdulillahi" kila akimeza.

Hiyo habari ikamfikia Mademoiselle Nadège, anasomea udaktari wa mifugo chuoni. Akaja na buti za mpira na mikroskope, ile mashine ya kuangalia vitu vidogo. Akaweka tone moja la bonge la Bihogo. Akasema, "Angalia."

Yaya! Watu wamejaa mle! Wengine wana manyoya, wengine wanazunguka kama pia, wanaogelea kama watoto ziwani siku ya dimanche, baada ya kanisa. Akaniambia ng'ombe peke yake hawezi majani. Yeye anakata na kumeza, wale wadogo ndio wanayavunja. Yeye anawapa nyumba yenye joto na chakula kila siku, wao wanamlisha. Wameishi hivyo tangu mababu wa mababu wa ng'ombe, mpaka tumbo likawa kwa ajili yao na wao wakawa kwa ajili ya tumbo. Ndama anawapata kwa kulambwa na mama yake. Dawa ya Hadji iliua wabaya wa kikohozi, ikaua na hawa. Na akasema kila chakula kina watu wake: ukileta kipya, wanataka kama wiki mbili ili wazoee, wengine wapungue, wengine waongezeke.

Nikamwambia, "Dada yangu alijua hayo bila mashine." Akaandika kwenye daftari lake. Jina lako, Yaya. Limeandikwa kwenye daftari la chuo, kwa wino wa bluu, nimeliona kwa macho yangu. Nilitembea mpaka nyumbani kifua mbele, nusura nigonge mwembe wa Mama.

Tangu hapo nimeponya ng'ombe wanne. Wote kwa tumbo la Bihogo. Na Keza, ndama wake, amenenepa, anacheua kama bibi kizee. Basi, Yaya, karatasi inaisha. Lala salama, nitapita kaburini kung'oa majani.

Apana. Ngoja.

Hujauliza Bihogo mwenyewe anaendeleaje. Ungekuwa hai ungeuliza kabla hata ya salamu.

Mama Divine alikuwa anabatiza mtoto. Pale dukani kwake, mbele ya watu, nikajigamba: "Bidoni mbili za maziwa, Jumamosi, kutoka kwa ng'ombe mmoja!" Wakapiga makofi. Ijumaa asubuhi nikamwagia Bihogo beseni zima la unga wa mahindi, yeye aliyezoea majani. Alikula mpaka akalamba beseni. Nilifurahi, nakuapia.

Jioni tumbo lilijaa, akalala, hasimami, anaharisha maji yanayonuka siki. Nikamwita Mademoiselle. Akauliza, "Amekula nini? Nafaka? Unga?" Dokta wa Kanyosha akajibu, "Majani tu." Beseni nilikuwa nimelisukuma nyuma ya mlango.

Hadji alitoa ng'ombe wake bila kuuliza. Tukaiba bonge kwake, wale wadogo wa Bihogo wakarudi kwa mwenyewe. Hawakukuta nyumba, walikuta siki. Jumapili asubuhi akafa, kichwa kwenye magoti yangu. Baada ya kumzika Mademoiselle alisema, kwa upole, kwamba ingekuwa unga angemtibu kwa njia nyingine kabisa, tangu saa ya kwanza.

Watu wote wanaamini alikula majani ya sumu. Keza anakula mkononi mwangu, konzi moja moja, kama ulivyosema. Na kesho naenda kwa Mademoiselle na beseni, ili aliandike na hilo, chini ya jina lako.

Kwaheri, Yaya wangu. Mademoiselle aliniuliza, na nilikuwa najua jibu.

Mdogo wako