Hadithi ya Chui Aliyeanguka Shimoni

Bukavu, Kadutu, Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Je, mguu wako umepona? Na Papa, kikohozi kimempa nafasi ya kulala? Mimi mwili ni mzima. Dada yangu Wabiwa akusomee barua hii mkiwa wawili tu jikoni, kisha aitie motoni. Sikuipeleka posta. Nimempa Tonton Kitoga mkononi, aje nayo kwa lori lake.

Tonton ameniambia kwamba jana mlinisikia redioni, nawe ukawaita majirani: "Mukuje! Ile hadithi ni yangu, mutoto ameitoa kwangu!" Hilo ndilo linalonifanya niandike haraka.

Unajua mimi ni karani tu pale redio. Kipindi cha hadithi nilipewa kwa kuwa napenda kuandika, na kila ninachoandika mkurugenzi hukisoma kwanza na kukigonga muhuri. Hadithi yako niliiandika kwa uangalifu. Huku mjini chui si mnyama wa porini tena, Mama. Ni kofia ya Mkubwa wetu, na picha yake imetundikwa kila ofisi. Basi kila penye chui niliandika fisi. Fisi anakula mbuzi wa jirani, fisi anaanguka shimoni, mbuzi wanakuja kumtazama. Muhuri ukagongwa.

Lakini hadithi yako ina wimbo, na wimbo unataka waitikiaji. Nikawaomba mafundi wawili wa mitambo waniitikie. Nilisoma vizuri mpaka mbuzi walipofika shimoni. Hapo nikaiacha karatasi, nikafumba macho, nikaimba kama ulivyotuimbia tukimenya karanga:

"Chui, meno yako iko wapi?"

"Imebaki mu shimo!" wakaitikia mafundi.

Tukarudia, na tena tukarudia. Fundi mmoja akacheka, halafu uso wake ukabadilika. Alikuwa anatazama taa nyekundu, ile ya kuonyesha kwamba tuko hewani. Ilikuwa inawaka, watu wote walikuwa wanatusikia.

Leo asubuhi nimeitwa kwa mkurugenzi. Alikuwapo mtu mwingine, nisiyemjua, na ndiye aliyeuliza.

"Sitwayeni, hii chui imetoka wapi? Kwa karatasi iko fisi."

"Ulimi uliteleza, sitwayeni," nikajibu, maana ofisini siku hizi sote tunaitana hivyo, raia.

"Ulimi yako inateleza na muziki, eh?" Akacheka peke yake. "Huo wimbo nani alikufundisha? Muzee gani? Wa kijiji gani?"

Mama, niliona mlango wa jikoni kwako.

"Hakuna mtu. Nimeutunga mwenyewe."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu."

"Vizuri. Alhamisi uje kwetu. Na uvae sweta, kwetu iko baridi."

Mafundi wamefukuzwa. Tulipopishana mlangoni hawakuniitikia salamu.

Kwa hiyo Mama, ile hadithi si yako tena. Waambie majirani ulikuwa unajisifu bure. Akija mgeni kukuuliza, hujawahi kuisikia. Watoto wakiiomba, sema umeisahau, uwape ya sungura. Najua ulipewa na mama yako. Nisamehe.

Nisalimie Papa, lakini usimweleze yote. Nisalimie Wabiwa, na mke wa Tonton anayetuletea mawese.

Jumapili fungueni redio. Mkisikia sauti ya mtu mwingine inasimulia, msije Bukavu kuniulizia.

Siandiki jina langu. Sauti yangu unaijua.

Mutoto wako