Mwanamke Mzima Hakandwi

Wifi,

Nimeanza na neno hilo kwa sababu wewe ndiye uliyelianza. Barua yako imenifikia hapa Mbeya mkononi mwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa likizo huko Kilolo, ulikohamia na wakwe zako, na juu kabisa umeandika: "Kwa wifi yangu mpenzi, Sekela." Nimeisoma nikiwa nimesimama. Wifi wa nani, Rehema? Kaka yako Yohana ana mke na watoto wawili, na mke huyo si mimi. Miaka sita hukuniletea hata salamu. Leo unaniandikia kwa kuwa umekabidhiwa akina mama wa huko uwafundishe mazoezi, na umesahau kinachofuata baada ya kuinua nyonga. Loo! Una moyo, wewe.

Nitakujibu. Lakini kwanza utanisikiliza, na bahasha hii sikuifunga, makusudi. Atakayeishika njiani na asome.

Unakumbuka nilivyokuja Kalenga? Mwalimu mgeni, Mnyakyusa asiyejua Kihehe zaidi ya salamu ya "kamwene," tena nimeshachumbiwa na kaka yako kabla sijazoea upepo wenu. Wewe ulinipokea. Ulinionyesha kisima, ukanionyesha nani wa kusalimiwa kwa kupiga magoti, ukanicheka nilipolia kwa moshi wa kuni mbichi. Nyumbani kwetu nilikuwa na kaka watupu, Rehema. Nilikupenda upesi mno.

Kisha kijiji kikatakiwa kupeleka akina mama kwenye halaiki ya Sabasaba mjini Iringa, na kazi ya kuwafundisha nikapewa mimi. Nilikuwa na yale mazoezi ya chuoni, aliyotufundisha mama mmoja wa Kijerumani. Yeye aliyaita Pilates, sisi tukayaita mazoezi ya mkeka: unalala chali, unavuta kitovu ndani, unapumua mbavu zipanuke, mguu unapanda polepole bila kurushwa. Nilichora alama za chaki kwenye sakafu ya darasa, kila mama akikaa miguu mbele na kunyoosha mikono, mahali vidole vyake vilipokoma. Wiki zikapita. Matumbo yalikaza vizuri, lakini zile alama hazikusogea.

Ulikuwa umesimama mlangoni na ungo wako. "Mwalimu, unavuta kamba yenye fundo," ulisema. "Fungua fundo kwanza."

Ukanieleza habari ya mbuzi. Ukimchuna, ulisema, unauona ule utando mweupe juu ya nyama; ukiwa mlaini nyama inateleza, ukigandana nyama haiendi popote. Mikono yako ilijua hayo kwa sababu mama mkwe wako alikuwa mkunga, na alikufundisha kuwakanda wazazi, wale waliotoka kujifungua. Ukachukua gunzi la mahindi, ukaliweka chini ya paja langu, ukasema nilalie hapohapo penye maumivu, nisikurupuke, nihesabu pumzi mpaka nyama ilegee yenyewe. Nilipiga kelele hadi kuku wakakimbia. Kisha nikanyoosha mikono, na vidole vikapita chaki.

Tulirukaruka kama watoto, wewe na mimi! Tulijua tumepata kitu. Gunzi peke yake lilikupa raha ya siku moja. Mkeka peke yake ulikupa nguvu bila kunyooka. Gunzi kwanza, mkeka baadaye, ndiyo siri, na siri hiyo ilikuwa nusu yangu na nusu yako. Ukaanza kunikanda kwa mikono nyumbani kwako, kimyakimya, tujue pa kuwawekea akina mama gunzi. "Mama mkwe asijue," ulinionya. "Mikono hii ni ya wazazi. Mwanamke mzima hakandwi. Akisikia, atanipokonya kazi." Nikakuapia kwamba mdomo wangu hautasema.

Ndipo shangazi yenu alipoingia kuomba chumvi. Alikuta nini? Sufuria ya maji ya moto, kitambaa, mimi chali kwenye mkeka nimejifunga khanga kifuani, na viganja vyako juu ya nyonga zangu. Akarudi kinyumenyume, akaufunga mlango taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyeingia kwa mzazi. Nasi tukacheka! Jamani, tulicheka mpaka nikashika mbavu.

Kesho yake kila niliyemsalimia akanijibu "pole, mwalimu." Nikadhani ni pole ya kazi, nikaitikia "nimeshapoa." Bibi mmoja jirani akaniletea uji wa ulezi wenye pilipili manga nyingi. Mjinga mimi, nikaunywa wote, nikamshukuru, nikasema umenirudishia nguvu. Nani angeniambia kwamba huko kwenu uji ule hupewa aliyetoka kujifungua? Wewe ungeniambia. Ulikuwa umekaa palepale unachambua maharage, ukainamisha kichwa.

Jumapili, baada ya ibada, tukaitwa kwa baba yako, mama mkwe wako naye akiwepo. Sina haja ya kukuchorea alivyokaa kila mtu. Shangazi akasema alichokiona: mchumba wa Yohana amekandwa, na mtoto hayupo, basi mimba imekwenda wapi? Nikasema nilikuwa natafuta kulegeza nyonga niweze kufundisha. Wakatazamana. Hata mimi nilisikia jinsi maneno yangu yalivyokuwa mepesi mbele ya wazee. Ndipo baba yako akakugeukia wewe. Moyo wangu ukatulia kabisa, nikajua yamekwisha, Rehema atasema.

Ulimtazama mama mkwe wako. Kisha ukatazama vidole vyako. "Aliniomba nimkande," ulisema. "Mimi sikumwuliza sababu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeisema methali hiyo darasani mara ngapi, sikujua inavyouma.

Ungelia, ningekuelewa. Ungekaa kimya, huenda ningekusamehe, maana nilijua unavyomwogopa yule mama. Lakini ulifungua kinywa, ukachagua maneno, na maneno uliyochagua yalinimaliza. Yohana hakuniuliza hata swali moja. Alivaa kofia yake akatoka. Uchumba ukaishia hapo, nami nikaomba uhamisho kabla mahindi hayajavunwa, nikapanda basi la Mbeya peke yangu. Hukuja kuniaga.

Na Sabasaba ikafika. Niliyapata kwa mwalimu mkuu wa huko kwenu, naye hakujua ananichoma: akina mama wa Kalenga walipinda migongo wakanyooka kama vijana, uwanja mzima ukapiga vigelegele, na mbele yao akiwa Rehema, amefunga kitambaa cheupe. Mkeka wangu, gunzi lako, na jina la mtu mmoja tu. Umenisaliti mara mbili, Rehema, na ile ya pili uliifanya ukitabasamu.

Nina hasira nawe mpaka leo. Naisema waziwazi nisije nikaonekana mtakatifu. Kila asubuhi natandika mkeka wangu, nalalia gunzi, nafika karibu kila mahali isipokuwa pale chini ya bega la kushoto, ulipokuwa ukipabana kwa kiwiko huku ukinisimulia vituko vya shangazi. Hapo mkono wangu haufiki. Wakati mwingine nalia hapo hapo chini, na sijui nalilia uchumba au nakulilia wewe. Nadhani ni wewe.

Sasa jibu lako. Mimi ni mwalimu, siwezi kuwanyima akina mama wa Kilolo kwa kosa lako. Gunzi liwekwe chini ya shavu la mguu, kisha paja, kisha kando ya nyonga. Kamwe lisiwekwe juu ya mfupa wala uti wa mgongo. Wapumue polepole mara sita kila mahali. Kisha walale chali, wakunje magoti, wainue nyonga na kuzishusha polepole, pingili moja moja ya uti wa mgongo. Kinachofuata, ulichokisahau, ndicho hiki: wanabaki chali, mikono kando, wanatulia na kupumua, hawafanyi lolote. Huo ndio wakati mwili unapolegea, na masikio pia.

Hapo hapo, wakiwa wametulia hivyo, uwaambie kwa sauti: "Mazoezi haya nilifundishwa na Mwalimu Sekela. Siku ile nilipomkanda, alikuwa mzima, hakuwa na mimba, nami nilijua." Mama mkwe wako awepo. Mwite akae mbele.

Ukishindwa kulisema, Rehema, waambie wainuke, wakunje mikeka yao, waende nyumbani.

Ni mimi, niliyekosa kuwa wifi yako,
Sekela