Fremu ya kioo cha bafuni

Shoga, nimeharibu.

Ile fremu ya mbao niliyowatengenezea baba mkubwa na mama mkubwa kuwashukuru kwa kunipa chumba tangu nimalize chuo, leo nimeigandisha kwa gundi kuzunguka kioo cha bafuni.

Kumbe kioo chenyewe ni mlango wa kabati. Haufunguki tena. Na meno ya bandia ya baba mkubwa yamo ndani.

Yamo ndani, shoga. Siku ambayo wakwe wanakuja kumposa binti yake.

Akaniambia kwa upole, "Fremu nzuri, mwanangu. Sasa nipe meno."

Nikashika patasi niibandue. Mama mkubwa akaninyang'anya. "Haivunjwi. Wewe mzee utatabasamu umefunga mdomo. Nitaongea mimi."

Wageni wameondoka sasa hivi. Wamekubaliana kila kitu, na wanasema hawajawahi kuona mzee msikivu kama yule.