Sauti Niliyokusomea

Duluth, 9 Novemba

Dada Annika mpendwa,

Nimeapa kukueleza yote. Mama hajambo, theluji imeanza.

Nilipokuwa nikikusomea mazoezi ya mtihani wa chuo cha sheria, kwa kuwa huoni, kila swali la msimamo wa mwandishi ulilipata. Ukacheka: “We mtoto, niletee magumu bwana, haya ya chekechea!”

Dada, mwandishi alipokejeli, nilibana pua; alipokubali, nililainisha sauti. Nilijua ninakuonyesha jibu, ila nilipenda kukuona umefurahi. Siku ya mtihani ukasomewa na mashine isiyo na furaha wala hasira, na alama hazikutosha.

Najifunza kusoma kwa sauti kavu. Nijibu upesi: utakubali nikusomee tena?

Mdogo wako,
Sigrid