Okidi ya Baba Haigawanywi

Nansio, 3 Machi 2025

Mwanangu Teodora,
Hujambo? Wajukuu wangu wanaendeleaje? Mimi nipo, ni magoti tu. Ile okidi, ua la marehemu baba yako, imepasua pipa, mwanangu! Mizizi imefumuka pande zote, watu wawili hawaiinui. Nikaionea huruma, nikaijazia samadi ya ng'ombe kama mgomba. Sasa inanuka na majani yamegeuka njano. Ikifia mikononi mwangu nitajisikiaje?
Mama yako

Mabatini, 8 Machi

Shikamoo mama,
Huku wazima, pole na magoti. Jamani mama, samadi! Hilo ni ua la juu ya miti, linataka hewa. Litoe upesi, osha mizizi, iliyooza kata. Kisha ligawe vipande kwa kisu kilichopitishwa motoni, uvipande kwenye vipande vya mkaa na maganda ya mti. Usimwagilie mpaka vidonda vikauke.
Mwanao, Teo

Nansio, 12 Machi

Marahaba mwanangu,
Kuosha nimeosha. Kuigawa, thubutu! Mali ya marehemu haiguswi kabla ukoo haujakaa, unajua. Nikikata leo, kesho watasema mjane ameanza kujigawia urithi. Kikao ni Pasaka. Haraka haraka haina baraka.
Mama

Mabatini, 15 Machi

Shikamoo mama,
Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Pasaka tutakuta imeoza yote. Waite wakae kwa ajili ya ua peke yake. Wakicheka, wacheke. Sidai kitu, najua kwetu binti hagawiwi. Nataka iishi tu, mama, ndiyo iliyobaki ya baba.
Teo

Nansio, 6 Aprili

Mwanangu mpenzi,
U mzima? Samahani kwa kimya. Walikuja. Baba yako mdogo Masele alicheka mpaka akakohoa, lakini alipoiona mizizi akavua koti, akashika kisu mwenyewe. Vimepatikana vipande vinne vizima, na kimoja kimeshatoa mzizi mpya! Walipoanza kutaja wa kupewa, wakataja wanaume watupu. Masele akauliza, "Aliyeiponya nani?" Ndipo wakakutaja wewe. Mimi nililia, sikufichi.

Chako kimepanda meli leo asubuhi. Ndicho kikubwa kuliko vyote, kinakungoja bandarini huko, nenda na mkokoteni. Na Pasaka usikose. Shamba bado halijagawanywa, na Masele amesema hawaanzi mpaka uwe umekaa.
Mama yako